Mama wa Panya Aliyemnyima Mwanawe Vidonge

Saa tatu asubuhi, nje jua limeshawaka na wauza akara, zile bagia za kunde, wa getini wamekwisha kuinjika karai la pili. Ndani ya chumba cha mwisho cha nyumba ya wanyama, usiku ndiyo kwanza unaingia.

Sherifatu Oyelakin anazima taa kubwa, anawasha balbu nyekundu iliyo hafifu kama kaa la moto, kisha anasimama kimya akisubiri macho yazoee. Kwenye rafu, panya weupe waliokuwa wamejikunja mkia kwa pua wanaanza kukwaruza maranda.

"Tunawadanganya," anasema kwa sauti ya chini. "Panya mambo yake ni ya usiku. Na sisi usiku tunataka kulala makwetu. Basi tumewageuzia. Mchana wao tumeupeleka usiku, usiku wao tumeuleta asubuhi. Wamekubali."

Sherifatu ana miaka hamsini na mitatu. Ni mhudumu wa wanyama katika chuo kimoja kilicho nje kidogo ya mji wa Ede, Nigeria, na kazi hiyo ameifanya tangu mtoto wake wa mwisho alipoanza shule ya msingi. Sokoni wanamwita Mama Panya. Kazini wanamwita Mama Mutiu, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Anaingiza mkono kizimbani bila haraka, anamwinua panya dume kwa kumkinga tumboni, na kumweka ndani ya sanduku la kioo. Chini ya sanduku kuna kioo cha kujitazamia, kama kile cha kinyozi, ili lolote analofanya panya lionekane hata akigeuka.

"Mama Mutiu, leo umekula samaki tena," anasema mwenzake, Gbadebo, anayechota maji ya kunywesha wanyama pale mlangoni. "Watakudhania paka."

"Na wewe uliyekula vitunguu watakudhania nini?"

"Mume mwema."

"Basi ndiyo maana wanakimbia."

Mzaha huo unasemwa kwa kunong'ona, maana kelele huharibu kazi. Manukato nayo yamekatazwa. Sabuni ya kunukia, mafuta ya nywele, vyote huachwa nyumbani. Sherifatu anasema hata Ijumaa, wanawake wenzake wakipita wananukia udi, yeye ananukia maranda.

Kinachotazamwa ndani ya kioo kile ni jambo ambalo wengi hulisema kwa kuzungukazunguka. Panya hupewa dawa, kisha mtafiti anakaa kwenye kiti na kutazama kama uume wake utasimama, mara ngapi, na baada ya muda gani. Panya akifikia hali hiyo hukaa kwa miguu ya nyuma, akainama na kujilamba. Hapo mtafiti anaweka alama. Akipiga miayo, alama nyingine.

"Wenzangu wanauza pilipili na nyanya," anasema Sherifatu. "Mimi nimesomesha watoto kwa kuchungulia panya dume. Mwanzoni nilikuwa nafunika uso kwa kilemba. Sasa nachungulia kama ninavyochungulia wali jikoni."

Mwenye utafiti ni Dokta Folasade Adetunmbi, mwanamke mrefu mwenye miwani inayomteleza puani. Yeye anaeleza kwamba mwilini mna kitu kiitwacho serotonini, ambacho hupeleka habari kutoka mshipa mmoja wa fahamu hadi mwingine. Kinahusika na usingizi, na hamu ya kula, na furaha, na huzuni. Kinahusika na mambo ya chumbani pia.

"Ifikirie nyumba yenye milango mingi," anasema. "Serotonini ni mgeni yule yule, lakini inategemea ameingia mlango upi. Zipo dawa zinazofungua mlango mmoja, panya anasimamisha na kupiga miayo hapo hapo. Zipo zinazofungua mlango mwingine, akipanda jike anamaliza upesi, lakini uume wenyewe hausimami sawasawa. Na zipo dawa za ugonjwa wa huzuni, zinazoiongeza serotonini nyumba nzima. Hizo panya akizila wiki baada ya wiki, mara nyingi nguvu zake zinapungua."

Habari hizo zimemfanya Sherifatu awe mtu maarufu asiyependa umaarufu. Kwenye kibanda cha amala, ugali wa unga wa viazi vikuu, anapokula mchana, wanaume watu wazima huvuta benchi karibu naye, wakimwita Alhaja kwa heshima.

"Alhaja, ile dawa ya mlango wa kwanza haibaki hata kidogo chini ya chupa?"

"Inabaki."

"Basi utufanyie mpango."

"Utapiga miayo mpaka taya litoke. Upo tayari?"

Wote hucheka, naye hula amala yake. Mshahara wake haufiki naira laki moja kwa mwezi, na anasema angekuwa mtu wa kuiba dawa hata mara moja angekwisha kujenga ghorofa. Hajawahi kutoa hata tone nje ya jengo lile. Kosa lake, asema, lilikuwa la namna nyingine. Alitoa kitu kingine nje, akakipeleka nyumbani, na kilikuwa kichwani mwake.

Mwanawe Mutiu ana miaka ishirini na minane. Kazi yake ni kufunga madirisha ya alumini, na ni fundi anayetafutwa mpaka mji wa Osogbo. Mwaka juzi, mfungo ulipokwisha, Mutiu alinyamaza.

Hakuna aliyemkosea. Hakufiwa, hakuibiwa. Alianza kwa kuacha kupiga mluzi, maana alikuwa mtu wa mluzi. Kisha akaacha chakula. Kisha akawa anakaa kitandani amegeukia ukuta, simu inaita hadi inakata, wateja wanakuja kumwulizia madirisha yao na yeye anasikia na hajibu.

"Ungeniambia ana homa ningejua la kufanya," anasema mama yake. "Mtu mzima hana jeraha, hana homa, na bado unamwona anaondoka taratibu."

Jirani mmoja akasema kijana ametupiwa kitu. Sherifatu alimwita mwalimu, dua zikasomwa, maji yakanywewa. Mutiu alishukuru kwa adabu na kugeukia ukuta.

Aliyemwinua ni mchumba wake, Muinat, mshonaji wa nguo za watoto. Siku moja alifika na pikipiki ya kukodi, akasimama mlangoni na kusema, "Vaa viatu." Akampeleka hospitali ya serikali, kwenye kliniki ambayo watu wakiingia huinamisha uso wasionekane. Daktari wa pale alimsikiliza Mutiu muda mrefu, akampa vidonge vya kunywa kimoja kila asubuhi, na kuwaambia wasitegemee miujiza wiki ya kwanza.

Haikuwa wiki ya kwanza wala ya pili. Lakini mwezi wa pili ulipokuwa ukingoni, Sherifatu yuko jikoni anakoroga mchuzi wa ewedu, alisikia mluzi bafuni. Anasema aliweka mwiko chini na kukaa sakafuni.

Basi mambo yakanyooka. Mutiu akarudi kwenye madirisha yake. Familia mbili zikakaa, zikapanga ndoa ifungwe baada ya sikukuu ya kuchinja ya mwaka uliofuata. Kitambaa cha sare kikachaguliwa, rangi ya majani mabichi, na shangazi zake wakaanza kugombana juu ya mshono.

Wakati huo huo, kazini, Dokta Adetunmbi alikuwa na panya wa kundi jipya. Kila asubuhi walipewa dawa ya huzuni. Sherifatu ndiye aliyewashika, na kadiri wiki zilivyokwenda aliona mwenyewe. Panya wa kundi la maji matupu walikuwa wanasimama kama kawaida yao. Wa kundi la dawa walikaa tu pembeni ya sanduku, wanajisafisha masharubu.

"Hawa wamekuwa masheikh," alisema Gbadebo.

Sherifatu alicheka. Kisha akaliona boksi la dawa juu ya meza, na jina lililoandikwa pale lilikuwa jina analolijua. Lilikuwa lile lile lililokuwa juu ya kabati la Mutiu, kando ya Msahafu wake.

Hapa mzazi unayesoma haya tulia kidogo, ujiulize wewe ungefanya nini. Mwanao anaoa baada ya wiki chache. Wewe umeona kwa macho yako dawa ile inavyowafanya madume. Na wewe ni mama, kwenu mama hamwulizi mwanawe wa kiume habari za chumbani, hata akiwa na mvi. Ungemwuliza nani?

Sherifatu hakumwuliza mtu. Jioni ile, Mutiu akiwa bado kazini, alichukua vidonge vyote vilivyokuwa juu ya kabati, akavifunga kwenye kitambaa na kuvificha ndani ya gunia la gari, ule unga wa muhogo wa kukaanga. Kwenye duka la mizizi akanunua chupa ya agbo chungu, ile wanayosema humwamsha mwanamume. Mutiu aliporudi alimwambia kwamba duka la dawa limeishiwa, kwa hiyo anywe hii kwanza, ni ya kusafisha damu.

"Alikunywa bila swali," anasema. "Hicho ndicho kinachoniuma. Angeniuliza hata swali moja."

Siku ya tatu Mutiu alilalamika kizunguzungu. Akasema kila akigeuza macho ni kama umeme mdogo unampita kichwani. Usiku hakulala. Akawa mkali kwa mafundi wenzake, halafu analia kwa kuwa mkali. Wiki ya pili mluzi ukakatika. Wiki ya tatu akarudi ukutani.

Muinat alipokuja na kipimo cha kanzu, Mutiu alimwambia pasipo kugeuka, "Waambie wazazi wako watafute mtu mwingine. Mimi sifai kitu."

"Hufai nini?"

"Kitu chochote."

Muinat akatoka uani. Alimkuta Sherifatu ameinama juu ya sufuria lisilo na chakula.

"Mama, dawa anakunywa?"

"Duka limeishiwa."

"Duka lipi? Mimi nimepita leo, zimejaa."

Sherifatu aliinua sufuria akaanza kulisugua. Anasema usiku ule hakulala, na kilichomtisha zaidi ya ndoa kuvunjika ni lile neno, kitu chochote. Alijua kwamba kijana anayesema hivyo anaweza kutoka mlangoni asubuhi na asirudi.

Kesho yake alifika kazini mapema kuliko wote. Dokta Adetunmbi alipoingia alimkuta amesimama katikati ya chumba, taa zote zinawaka, vizimba havijaguswa.

"Dokta, panya akiachishwa hii dawa ghafla, inakuwaje?"

"Panya yupi?"

"Panya tu."

Dokta aliisukuma miwani yake juu. "Mama Mutiu. Ni nani aliyeachishwa?"

Sherifatu akasema yote, kuanzia boksi juu ya meza hadi gunia la gari. Alitarajia kufokewa. Badala yake Dokta alimvutia kiti, akakaa naye, magoti yanagusana.

"Mimi ni daktari wa panya," alisema. "Siwezi kumtibu mwanao, na wewe pia huwezi. Leo hii, si kesho, mrudishe kwa daktari wake. Lakini nikuambie jambo moja. Hawa tuliwanunua wakiwa wazima. Hakuna hata mmoja aliyeacha kula, hakuna aliyekaa akageukia ukuta. Tumempa dawa asiyeihitaji, kwa kipimo kikubwa, tukaangalia kiungo kimoja tu. Panya wa namna hiyo anaweza kukuonyesha kile dawa inachochukua. Hawezi kukuonyesha inachorudisha, maana hakupoteza kitu."

Sherifatu akauliza kama nguvu za panya hao zimekwenda moja kwa moja.

"Wengi wao tukiacha kuwapa, wanarudi kama walivyokuwa. Kwa watu pia mara nyingi linapatiwa njia. Kipimo kinapunguzwa, au dawa inabadilishwa ikawekwa isiyopita mlango huo. Lakini hilo hupangwa na daktari, taratibu. Hulipangi wewe kwa gunia la gari."

Gbadebo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakusema kitu cha kuchekesha. Alisema, "Nenda, Mama. Mimi nitawashika hawa."

Nyumbani alimkuta Mutiu amelala vile vile. Muinat alikuwa ameketi chini karibu na kitanda, anashona kifungo cha nguo ya mtoto. Sherifatu alifungua gunia, akatoa kitambaa, akakiweka juu ya godoro na kukifungua mbele yao wote wawili.

"Mimi ndiye niliyezichukua."

Mutiu aligeuka. Alivitazama vidonge, akamtazama mama yake.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo lugha ilipomkimbia. Akaanza na kioo, akaingia kwenye maranda, akataja balbu nyekundu. Akasema kundi la maji na kundi la dawa. Akasema wale wa dawa wamekuwa masheikh. Muinat alikuwa wa kwanza kuelewa, akafunika mdomo kwa ile nguo ya mtoto.

"Mama," Mutiu alisema taratibu. "Uliwatazama panya ukaniona mimi?"

"Niliogopa, baba. Unaoa."

"Mimi na Muinat tulikwisha kulizungumza jambo hilo. Zamani. Niliona asubuhi hakuna kitu, nikamwambia kabla familia hazijakaa, ili asije akasema nilimficha."

Sherifatu alimgeukia Muinat. Hakujua amwangalie usoni au miguuni.

"Nilimwambia nimeshaona mtu asiyekula, asiyelala, asiyeniona nikiingia," alisema Muinat, akiendelea kushona. "Huyo sikuweza naye. Hili lingine tungemwuliza daktari. Tulikuwa tumepanga kwenda kliniki mwezi ule ule dawa eti zilipoisha dukani."

Mutiu alicheka. Lilikuwa cheko dogo, limetoka puani tu, na kilio kikalifuata nyuma yake, lakini Sherifatu anasema alilisikia.

Walikwenda kliniki watatu. Daktari alimsema Sherifatu mbele ya mwanawe, tena kwa maneno makali, naye aliyapokea yote. Daktari akasema agbo imwagwe, maana hakuna ajuaye imetiwa nini ndani na inagombana na dawa ipi. Mutiu akaanzishiwa vidonge upya, kidogo kidogo. Alipotulia, daktari akamhamisha polepole kwenye dawa nyingine isiyosumbua sana upande ule.

Ndoa iliahirishwa. Shangazi walinuna, wakapata muda zaidi wa kugombania mshono. Ilipofungwa, mwaka jana, Mutiu alikuwa amenenepa na kanzu ikabidi ifumuliwe ubavuni. Leo wanaishi vyumba viwili nyuma ya karakana yake, na kila asubuhi Muinat huweka kidonge kwenye kisahani kando ya uji wa mahindi. Ukimwuliza Mutiu habari za chumbani, atakuambia, "Hayo muulize mke wangu." Ukimwuliza Muinat, atakuambia uondoke nyumbani kwake, huku anacheka.

Mutiu mwenyewe ndiye aliyetaka haya yaandikwe. "Waandike jina langu," alisema. "Vijana wengi wanaacha dawa kwa sababu hiyo na hawasemi. Wanamwambia mama duka limeishiwa. Kwangu angalau ni mama ndiye aliyeniambia duka limeishiwa."

Sherifatu naye ameanza kusema. Ana kikundi cha wanawake cha dua, hukutana Jumapili asubuhi. Mara ya kwanza alipoomba nafasi na kutaja vidonge vya huzuni na nguvu za mwanamume katika sentensi moja, nusu ya wanawake walitazama mikeka. Mmoja alimwambia hapa ni mahali pa ibada.

"Nikamjibu, mtoto wangu nilimpata kwa dua na nusura nimpoteze kwa aibu. Akakaa."

Anachotaka sasa ni kumleta daktari wa ile kliniki azungumze na kikundi hicho, na vikundi vingine vya mitaa ya jirani, ili akina mama waulize yale wanayoona haya kuuliza. Daktari amekubali. Mwenyekiti wa kikundi bado anasitasita, ila Sherifatu anasema atamchosha mpaka akubali.

Jumapili iliyopita, dua ilipokwisha, wanawake walitoka mmoja mmoja. Mmoja alibaki nyuma, anafunga kilemba, anakifungua, anakifunga tena. Chumba kilipokuwa kitupu alimsogelea Sherifatu, akatoa mkobani pakiti ya vidonge iliyokunjwa ndani ya leso.

"Za mwanangu," alisema. "Mkewe analalamika. Nimezichukua leo asubuhi. Chukua wewe, Alhaja, wewe unazijua. Nikibaki nazo nitazitupa chooni."

Sherifatu hakuzipokea. Aliushika mkono wa yule mwanamke na kuufunga juu ya pakiti, kidole baada ya kidole.

"Zirudishe pale ulipozitoa. Hajarudi bado?"

"Yuko kazini."

"Basi wahi. Na akirudi mwambie ulizichukua."

"Akiniuliza kwa nini?"

"Mwambie uliogopa. Mimi ndivyo nilivyosema. Halafu Jumatano kliniki iko wazi, aende yeye na mkewe. Mkitaka nitawasindikiza, nitakaa nje."

Yule mwanamke akaitia pakiti mkobani, akauliza saa ngapi, akaambiwa saa saba. Akavaa kandambili zake mlangoni, moja ikamponyoka, akaiacha, akairudia, na kushika njia ya nyumbani haraka haraka.